Sauti safi, neno limemezwa: Simu za wazazi wa Msimbazi

Ukishuka kwenye basi la mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi, masikio yanafika sokoni kabla ya macho. Spika za wauza nguo zinataja bei, wapiga debe wanaita abiria, mkokoteni unaomba njia. Katikati ya makelele hayo watu kibao wana simu sikioni au mbele ya mdomo, na maneno yao ni yaleyale: "Haloo! Unakatakata. Hebu rudia."

Mtaa wa Msimbazi unapita Kariakoo kutoka upande wa Fire kuelekea Gerezani. Umebeba jina la mto unaotoka vilima vya Pugu, ukapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Kwa mpenzi wa soka, Msimbazi ni Simba, klabu yenye makao yake hapohapo mtaani, ndiyo maana ikaitwa Wekundu wa Msimbazi. Kwa mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni, Msimbazi ni mzigo. Kwa mzazi anayefungua duka asubuhi na kulifunga usiku, hapa ni mahali pa kulea watoto kwa simu.

Mama anayeuza madera Mtaa wa Kongo anatoka Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto watoto wakiwa bado wamelala. Homa ikipanda saa tano asubuhi, anayeijua kwanza ni dada wa nyumbani au bibi. Mama anaijua kwa simu. Siku hizi simu hiyo mara nyingi ni ya WhatsApp, kwa sababu bando lipo na salio la kupigia halipo.

Ndiyo maana swali ambalo wahandisi wamelijadili kwa miaka mingi, kati ya simu ya intaneti na ile ya mezani ipi inasikika vizuri zaidi, likifika Kariakoo linakuwa swali la afya ya mtoto.

Simu iliyofungwa kufuli

Watu wazima wa mtaa huu wanaikumbuka simu ya mezani ya kuzungusha namba, imekaa juu ya kaunta jirani na daftari la madeni. Wenye maduka wengine waliitia kufuli dogo kwenye tundu la kuzungushia ili msaidizi asipige bosi akitoka. Kupata laini ilikuwa kazi. Enzi za Shirika la Posta na Simu, na hata baada ya TTCL kuanza mwaka 1994 shirika hilo lilipogawanywa, nchi nzima ilikuwa na chini ya laini moja kwa kila watu 100. Mtoto akizidiwa usiku, jirani mwenye simu aligongewa mlango.

Simu hiyo ilikuwa na tabia zake. Ulipopiga, mitambo ilikutengea njia yako peke yako hadi kwa unayeongea naye, na njia hiyo ilibaki yako mpaka ulipokata. Umeme wake ulitoka kwenye betri za kituo cha simu, kama volti 48, ukipita kwenye waya uleule unaobeba sauti. Mtaa ukiwa gizani, simu iliendelea kulia.

Sauti yenyewe haikuwa nzuri. Simu ya mezani ilipitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, wakati sikio la mtoto mwenye afya husikia hadi karibu hezi 20,000. Herufi "s" na "f" zina sehemu kubwa ya sauti yake juu ya mpaka huo, kwa hiyo zilifanana. Mtu akisema "sisi", wa upande wa pili aliweza kusikia "fisi". Mvua ikinyesha na maji yakaingia kwenye nyaya, laini ilikwaruza. Siku nyingine laini ziliingiliana, ukasikia mambo ya nyumba usiyoijua.

Lakini ubovu huo ulikuwa wazi. Simu ilipokwaruza, ulijua kwamba hujasikia, na ulimwambia mwenzako arudie.

Vipande 50 kwa sekunde

Leo wanunuzi wa simu wanakwenda Mtaa wa Aggrey na Likoma, ambako maduka yamepangana ukuta kwa ukuta na mafundi wanafungua simu mezani kwa bisibisi ndogo kama sindano. Hadi mwisho wa mwaka 2024 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimevuka milioni 80, na karibu zote ni za mkononi. Simu ya mezani imebaki kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye ofisi na kwenye nyumba chache.

Tofauti ya simu hizi mbili mtu wa Kariakoo ataielewa kwa mfano wa mzigo. Simu ya mezani ni kama kukodi kirikuu chako mwenyewe: mzigo wote unapakiwa mara moja na unafika kwa mpangilio uliopakiwa. Simu ya intaneti ni kama kugawa mzigo huohuo kwa bodaboda wengi, kila mmoja na kifurushi chake, wakipita njia wanazozijua wao. Sauti ya mama inakatwa vipande vidogo, kwa kawaida kimoja kwa kila milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde moja. Vinatumwa, vinafika, vinapangwa upya.

Njia zikiwa nyeupe, simu ya intaneti inaishinda ya mezani bila ubishi. Teknolojia ya kubana sauti iitwayo Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012 na inayotumiwa na WhatsApp, inaweza kubeba sauti pana mara kadhaa kuliko ile ya waya wa zamani. "Sisi" inabaki "sisi". Bibi aliyeko Moshi anasikika kama amekaa sebuleni.

Tatizo ni njia zikijaa. Bodaboda wengine wanachelewa, wengine hawafiki. Kifurushi kilichochelewa sana kinatupwa, maana mazungumzo hayasubiri. Na hapa programu za simu zinafanya jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: zinaficha pengo. Kipande kikikosekana, programu inarefusha kidogo sauti iliyotangulia au kukisia iliyotakiwa kufuata, ili sikio lisishtuke. Hukwaruzwi wala husikii mlio wowote. Sauti ni safi, ila neno limemezwa.

Silabi inayobeba "hapana"

Kwa lugha yetu, kumezwa kwa neno si jambo dogo. Kiswahili kinabeba makatazo yake kwenye silabi fupi sana, katikati ya neno. "Umpe dawa" na "usimpe dawa" zinatofautiana kwa "si" peke yake. "Alale" na "asilale", "anyonye" na "asinyonye", "aendelee" na "asiendelee" ni hivyohivyo.

Silabi kama hiyo, ikisemwa na mtu mwenye haraka, inachukua chini ya moja ya tano ya sekunde. Hivyo ni vipande visivyofika kumi. Vikipotea kwa mfululizo, katazo limegeuka ruhusa, na aliyepokea simu hana sababu ya kuuliza tena kwa sababu kila kitu kimesikika vizuri.

Hesabu nazo zina mitego. "Sita" na "tisa" zimejengwa kwa herufi zilezile, konsonanti zimebadilishana nafasi tu. "Saa nne" na "saa nane" zimeachana kwa irabu moja. "Mililita mbili na nusu" ikikatwa mwishoni inabaki "mililita mbili". "Kutwa mara mbili" na "kutwa mara tatu" zinategemea neno la mwisho, ambalo watu wengi hulisema wakiwa wameshaanza kuondoa simu mdomoni.

Wauzaji wa jumla wa Kariakoo wamejifunza somo hili kwa gharama. Msikilize anayepokea oda kwa simu: "Sita, siyo tisa. Sita, ya baada ya tano. Katoni sita za bluu. Nitumie na meseji." Hakati simu mpaka mteja arudie, halafu anadai maandishi. Utaratibu huohuo ukihamishiwa kwenye dawa ya mtoto unafanya kazi vilevile. Mzazi asiulize "Umenisikia?", kwa sababu jibu litakuwa "Ndiyo, mama," hata kama kilichosikika si kilichosemwa. Amwambie dada: "Nirudishie nilivyosema." Na badala ya kutegemea "usimpe", aseme neno lisilomezeka kirahisi: "Acha dawa. Acha kabisa."

Ukimya wa Guangzhou

Wazazi wengi wa Msimbazi husafiri kufuata bidhaa, na safari ya Guangzhou au Dubai inachukua wiki nzima au zaidi. Huko simu ya intaneti ndiyo pekee mfuko unayoimudu, ingawa nayo ina masharti ya nchi. China imeifunga WhatsApp, hivyo wafanyabiashara hutumia WeChat. Falme za Kiarabu kwa miaka mingi zimezuia simu za WhatsApp, na wengi huko hutumia Botim.

Umbali unaleta jambo jingine: kuchelewa. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na mitandao isipangwe kuvuka milisekunde 400. Chini ya kiwango cha kwanza watu wanaongea kama wamekaa pamoja. Kadiri ucheleweshaji unavyopanda, wanaanza kukanyagana maneno, kila mmoja anasema "endelea wewe", kisha wote wananyamaza.

Simu ya mezani ya hapahapa mjini haikuwa na ukimya huo. Ndani ya familia ukimya una maana. Baba akiuliza kutoka Guangzhou, "Umefanya kazi ya shule?" na jibu likachelewa sekunde moja, anasikia mtoto anayesita, pengine anayedanganya. Mtoto naye, akieleza jambo lake na asisikie hata "ehee", anaona baba hajali. Hakuna aliyekosea. Sauti imepita baharini na kurudi. Mzazi aliyeko mbali anaweza kuwaambia watoto kabla, kwamba simu hii inachelewa, kila mtu amalize ndipo mwenzake aanze, na anayemaliza aseme "nimemaliza". Kwa watoto wadogo hilo linageuka mchezo.

Mchana wa sokoni

Si kila sehemu ya Msimbazi ina mtandao ule ule. Mnara wa simu unagawana uwezo wake kwa wote walio chini yake, na Kariakoo saa saba mchana ina watu wengi kuliko miji mingi ya nchi hii. Ndani ya maghorofa ya zege, na zaidi kwenye stoo za chini ya ardhi, mawimbi yanafika yamechoka. Kusogea hadi mlangoni au dirishani hubadili simu nzima.

Simu ya kawaida ya mkononi, ile inayokula salio au dakika, imerithi sehemu ya tabia za simu ya mezani. Sauti yake mara nyingi ni nyembamba kuliko ya WhatsApp, lakini mtandao unaitengea nafasi au kuipa kipaumbele, wakati simu ya WhatsApp inapanga foleni moja na video za mpira na picha za mitumba. Nayo hukatika, ila inapokatika unajua.

Ziko siku ambazo tofauti hiyo inaonekana kwa nchi nzima. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Siku ya Mama Duniani, nyaya mbili zinazopita baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Simu ya WhatsApp kutoka Kariakoo hadi Temeke, ingawa ni mwendo mfupi, huanza kwa kuwasiliana na kompyuta zilizoko nje ya nchi, hivyo nayo iliguswa. Simu ya kawaida ya ndani ya nchi haihitaji waya huo wa baharini.

Zipo pia siku za Msimbazi wenyewe. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka na watu zaidi ya 20 wakafariki. Mvua kubwa zikinyesha, mto unafunika barabara ya Jangwani, na mzazi aliyeko sokoni anatenganishwa na watoto walioko Magomeni kwa maji. Siku kama hizo kila mtu anashika simu kwa wakati mmoja. Meseji fupi ya kawaida inaweza kupenya pale ambapo sauti imeshindwa: "Niko salama. Niko Mnazi Mmoja. Msitoke."

Usisikilize kifua kwa simu

Mtoto akikohoa, wazazi wengi humwambia dada: "Mwekee simu kifuani nisikie anavyopumua." Hapo simu ya intaneti inaweza kupotosha zaidi ya ile ya mezani. Programu hizi zimetengenezwa kuchuja kelele ili maneno yasikike, na mlio wowote unaoendelea bila kuwa maneno huhesabiwa kelele: feni, mvua, injini ya bajaji. Pumzi ya mtoto au mluzi wa kifua vinaweza kuchujwa pamoja navyo. Ukimya unaosikika Kariakoo hauna maana kwamba mtoto Mbagala anapumua vizuri.

Kinachosafiri salama ni namba. Mtoto akiwa ametulia, dada afunue kifua na ahesabu pumzi kwa dakika nzima akiangalia saa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kupumua haraka ni pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Namba itajwe tarakimu moja moja, "tano, mbili", kisha itumwe kwa meseji.

Jambo moja ambalo waya wa zamani haukuweza kabisa ni video. Mzazi anaweza kuona kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, au kama macho yamelegea. Ila picha nayo huganda, na mtoto aliyeganda kwenye kioo anaonekana ametulia.

Dalili nyingine hazihitaji mazungumzo marefu. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea sana au asiyeamka, au ambaye kifua kinabonyea anapopumua, anapelekwa kituo cha afya mara moja. Dada aambiwe mapema kwamba kwa dalili hizo haombi ruhusa na hasubiri mtandao. Aondoke kwanza, apige simu akiwa njiani.

Namba ambazo WhatsApp haizijui

Namba za dharura hazipigiki kwa WhatsApp. Polisi ni 112, Zimamoto ni 114, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kupitia m-mama ni 115, Simu ya Mtoto ni 116, na kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199. Hupigwa kwa simu ya kawaida, hata ya kitochi, na hazihitaji bando. Nyumba ambayo dada amezoea kubonyeza picha ya mama kwenye WhatsApp inaweza kuwa na mtu asiyejua kupiga namba yoyote.

Wenzetu wa Uingereza wako kwenye mtihani wa aina hii. Nchi hiyo inahamisha simu zote za mezani kwenda kwenye intaneti, na tarehe ya kuzima mitambo ya zamani ilisogezwa hadi Januari 2027. Sababu kubwa ilikuwa wazee na wagonjwa wanaovaa vitufe vya dharura vilivyounganishwa na simu ya mezani. Waya wa zamani ulijitegemea kwa umeme. Simu ya intaneti inazimika pamoja na kifaa cha ukutani umeme unapokatika.

Dar es Salaam haikuwahi kuwa na simu ya mezani kila nyumba, kwa hiyo hapa kilichobaki kufanywa ni kidogo na hakina gharama kubwa. Simu ya kitochi yenye chaji na salio dogo ikae mahali pamoja, isichezewe. Namba ya baba, ya mama na ya jirani ziandikwe kwa kalamu nzito ukutani, pamoja na zile za dharura. Watoto waliofika darasa la kwanza wakaririshwe namba moja ya mzazi, kama zamani walivyokariri ya dukani.

Na mzazi anayepiga kutoka Msimbazi, kabla hajaagiza dawa, atoke stoo na kusogea penye hewa, akate WhatsApp na apige kawaida, hata ikiwa ni kwa dakika moja ya kuazima. Amwambie dada achukue kalamu. Aseme jina la dawa, kiasi na saa, na kama ni usiku au asubuhi. Dada akimaliza kuandika, asome kwa sauti kilichoko kwenye karatasi, na mzazi asikilize mpaka mwisho.